Safari Thelathini na Ng'ombe wa Hawo

Wadogo zangu wa timu,

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati la bwawani, watatu wenu mlinisindikiza hadi getini mkaniomba niandike namna nilivyoogelea masafa marefu miaka yote ile bila kurukwa na akili. Sina uhakika kwamba sikurukwa. Lakini nimekaa nyumbani, bega linauma, na mimi si mtu wa kukaa bure. Medali sitaziandika. Mnazijua, na ukizishika zinaacha rangi kidoleni. Nitaandika yale ambayo kocha hawezi kuwaambia, kwa sababu kocha hukaa nje ya maji.

Mimi ni Zipora, mzaliwa wa Idsowe. Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa Tana na shamba upande ule, na mpaka leo sijaelewa babu alipatana vipi na mtu aliyemgawia. Kwetu kuogelea hakukuwa mchezo wala sifa. Ndizi zikiwa zimekomaa na mtumbwi umechukuliwa na mjomba, unaogelea. Unaanza juu kabisa, mbali na pale unapotaka kufika, kwa kuwa mto nao una maoni yake. Na unaogelea kichwa kikiwa juu, kwa ajili ya mamba. Mikono minne, unatazama kushoto. Mikono minne, unatazama kulia. Anayezamisha uso katika Tana ama ni mgeni, ama hana wazazi wa kumkanya.

Siku zisizo za shule niliuza ndizi kwenye stendi ya Garsen, madirishani mwa mabasi ya Lamu na Malindi. Basi halisimami sana. Unampa abiria ndizi, anakupa noti, dereva anatia gia. Ukihesabu mara moja umepunjwa. Ukihesabu mara mbili, basi limeondoka na noti yako. Nikajifunza kuhesabu mara mbili kwa wakati mmoja: mdomo unahesabu hivi, vidole vinahesabu vile, na vikikosana naliandama basi.

Jirani yangu pale alikuwa Hawo, msichana wa Kiorma wa rika langu, aliyeuza maziwa ya ng'ombe wa baba yake kwenye dumu la njano. Sisi Wapokomo tunalima, wao Waorma wanafuga, na ng'ombe wao na mahindi yetu wana historia ndefu. Kwa hiyo tulianza kwa matusi ya kawaida.

"Mpokomo, ndizi zako jana zimelala wapi? Mbona zimechoka?"

"Zimekesha zikisikiliza maziwa yako yakiganda."

"Maziwa yangu yakiganda bado chakula. Ndizi yako ikioza, ni nini?"

Nikamkatia ndizi moja, akaila. Tukawa marafiki.

Mambo ya bwawa yaliniingia kwa bahati ya kipuuzi. Shule yetu ilipeleka wanamichezo Mombasa, nafasi ya kuogelea ikawa wazi, na mwalimu wa michezo akaandika jina langu. Kwa hesabu yake, anayekaa kando ya mto anajua kuogelea, kama vile anayekaa kando ya barabara anajua kuendesha basi. Nilifika pale nikaona maji yamelala. Hayaendi popote. Unaona hadi chini, na chini hakuna kitu ila mstari mweusi. Nilisimama kando nikitafuta mkondo uko wapi, ili nijue nianzie juu kiasi gani. Wenzangu walisharuka.

Niliogelea kwa kichwa juu, nikitazama kushoto, nikitazama kulia, na bado nikawa wa tatu. Nilipotoka, mzee mmoja wa Kitaita mwenye filimbi shingoni alinijia. Huyo ndiye Kocha Mwakio. Filimbi ile sikuwahi kumsikia akiipuliza hata siku moja.

"Binti, ulikuwa unamtafuta nani mle ndani?"

"Mamba."

Hakucheka. Alifikiri. "Hapa mamba ni mimi," akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Baada ya shule nilihamia Mombasa, nikapanga chumba kimoja Tudor, na kila alfajiri nikawa naogelea kwa Kocha Mwakio. Kuninyang'anya kile kichwa kulimchukua muda. Shingo yangu ilikuwa na akili zake. Ilibidi tupatane kama watu wa soko. Yeye alitaka nisiinue kabisa. Mimi nilitaka kila mikono kumi. Akasema mara moja kwa kila safari. Nikasema mara mbili. Akaondoka, nikamwita, akarudi. Mwisho tulikubaliana niinue kichwa mara moja tu kila ninapoukaribia ukuta wa mbali, kabla ya kupiga pindu na kugeuka. "Huyo ni mamba wako mmoja," akaniambia. "Mtunze."

Niseme hapa nikisema safari nina maana gani, kwa sababu nanyi wengine ni wa mita hamsini, mnaingia na kutoka kama mwenye kusahau mwavuli. Safari ni ukuta hadi ukuta. Mita elfu moja na mia tano kwenye bwawa kubwa ni safari thelathini. Unaanzia ukuta wa karibu, walipo watu wote, kocha na viti na soda. Unakwenda hadi ukuta wa mbali ambako hakuna mtu, unageuka, unarudi. Mara kumi na tano unaufikia ule ukuta wa mbali.

Mambo machache ya kazi. Miwani usiivute mpaka macho yatoke. Ikivuja, kosa si la mpira, ni la umbo la uso wako, tafuta nyingine. Nywele suka mistari midogo, uzipake mafuta kabla ya dawa ya bwawa haijazila. Paka mafuta mazito kwapani na shingoni, la sivyo siku ya pili utavaa nguo ukilia. Na katika mbio ndefu, safari kumi za kwanza ujione mwizi: kila mtu anafanya kazi na wewe umejificha. Ukijiona mchapakazi mapema, umeshapunjwa.

Lakini kazi yenyewe ni upweke, na hilo halina mafuta. Mwenzako wa mita mia anamaliza, anajifuta, anasimulia jinsi alivyoanza vibaya. Wewe bado umo. Wanakunywa soda, umo. Wanaagana, umo. Ukiinua sikio kuvuta pumzi unapata kipande cha kicheko cha mtu, halafu maji yanafunga mlango. Chini ni ule mstari mweusi, na ukiutazama miaka mingi unaanza kuujua kama uso wa jirani ambaye hajawahi kukuamkua. Majirani zangu wa kweli pale Tudor walidhani mimi ni mlinzi wa usiku, kwa vile walinikuta nikirudi asubuhi macho mekundu. Sikuwasahihisha. Mlinzi angalau ana mwenzake wa zamu.

Upweke huo una hatari yake ya kikazi: unapoteza hesabu. Ndiyo maana mbio ndefu zina mtu wa kusimama ukuta wa mbali na kukujulisha umefika wapi. Katika mashindano yetu ya nyakati zile kila mwogeleaji alikuja na mtu wake. Wenzangu walikuwa na mama zao, shangazi zao, dada waliokaa chonjo na kadi za namba. Mimi, mara ya kwanza, nilipewa kijana wa kuazimwa, naye alikuwa na simu mpya. Kadi moja aliionyesha mara mbili, nyingine mbili akaziruka. Mimi nilikuwa nimehesabu mara moja tu, nikimtegemea yeye awe ya pili. Nikashika ukuta, nikavua miwani, nikavua na kofia, nikainua mkono. Nilikuwa bingwa kwa muda kidogo. Kisha nikaona wenzangu wote wanageuka na kwenda zao. Zilibaki safari mbili.

Kocha alinipa taulo. "Tafuta mtu wako," akasema. Basi.

Nilimpigia mama. Akaniuliza, "Nipande basi mpaka Mombasa nikakutazame ukioga?" Kaka yangu alikuwa na shamba. Nikafikiri ni nani duniani asiyeacha kitu kimpite bila kukiona. Nikashuka Garsen.

Hawo aliniuliza swali moja tu. "Huko Mombasa wananunua maziwa?"

"Wananunua maji ya chupa. Maziwa watayakataa?"

Akaja na madumu mawili. Aliyauza yote kwenye nyumba za karibu na bwawa, akaja ukutani na baibui lake, akakabidhiwa kadi. Akazitazama, akamrudishia msimamizi.

"Mimi sihesabu mtu," akasema. "Mtu si gunia."

Msimamizi alidhani ni utani. Mimi nilijua si utani. Kwao Hawo, chenye roho hakihesabiwi, kuhesabu ni kukiita kifo kije kichague. Ukimwuliza baba yake ana ng'ombe wangapi, atakujibu kwamba wapo. Jioni wakirudi hasemi moja, mbili. Anasimama langoni anawaita kwa majina mmoja mmoja wanapoingia, kwa utaratibu wao wasioubadilisha, na asiyekuwepo anajulikana kwa pengo lake.

"Sasa mimi nitajuaje nimefika wapi?" nikamwuliza.

"Nitakuita ng'ombe."

"Asante."

"Si wewe ng'ombe. Sikiliza kwanza."

Tulikaa kwenye ngazi tukapatana. Alinitajia ng'ombe wa maziwa wa baba yake kama wanavyoingia langoni. Wa kwanza Adi, mweupe, mwenye kiburi. Wa pili Dimtu, mwekundu. Wa tatu Burre, wa madoa. Akaendelea hivyo hadi wa mwisho, Dalati, wa kijivu, mzee, ambaye huingia peke yake wenzake wakiwa wameshalala. Kila mmoja na ndama wake. Nikawahesabu kimoyomoyo, Hawo asijue: kumi na tano. Mama anakwenda, ndama anarudi. Safari thelathini, hakuna iliyozidi.

Msimamizi alilalamika. Kocha Mwakio akamwambia kanuni inataka mwogeleaji ajulishwe, haijasema ajulishwe kwa lugha gani. Na tangu siku hiyo yule mamba wangu mmoja akapata kazi: nikiukaribia ukuta wa mbali nainua kichwa, namwona Hawo amechuchumaa, nasikia jina, nageuka. Nilihesabu mara mbili kama zamani, namba kwa kichwa na ng'ombe kwa sikio. Nikisikia Dalati, nimebakisha safari moja, na miguu inaanza kupiga yenyewe bila kuniuliza.

Hizo ndizo nilizoziita mbio njema. Sikumbuki muda wangu, mwulizeni kocha. Nakumbuka kwamba kwenye ule ukuta ambako wenzangu walisomewa namba, mimi nilikuwa na zizi zima. Tulikula wali wa njia panda, tukazozana juu ya nani alipe, akapanda basi la Garsen na madumu matupu, na niliporudi chumbani ndipo nilipojua chumba ni kimya kiasi gani.

Kisha ukaja ukame. Nyanda zikakauka, wafugaji wakaingiza mifugo mashambani kando ya mto, na mahindi ya mama yangu yakaliwa yakiwa hayajabeba. Nilipokwenda nyumbani, kaka alinisubiri mlangoni.

"Ng'ombe wao wamekula jasho la mama. Wewe unakunywa maziwa yao?"

"Nakunywa ya Hawo."

"Hawo ni nani kama si wao?"

Pale Garsen akina mama wa ndizi walikuwa wamehamia upande wa pili wa barabara. Mahali pa Hawo palikuwa patupu. Waliniambia wazee wake wamemkataza kukaa na sisi, na wengine wakaniambia baba yake amewapeleka ng'ombe mbali. Nilimpigia, simu imezimwa. Nikatuma salamu kwa makondakta. Salamu za kondakta zinafika nusu.

Na mwezi uleule yalikuwa mashindano ya kuchagua timu. Nafasi ya mbio ndefu ilikuwa moja, ya kwenda ng'ambo kwa mashindano ya Afrika, na mimi nilikuwa nimefika umri ambao ukikosa hupewi nyingine. Msichana wa Nairobi aliyekuwa mstari wa nne, karibu yangu, alikuwa mdogo na mwenye nguvu, na mama yake alikuwa ameshakaa ukuta wa mbali na kadi zake amezipanga. Kocha akaniuliza nimtafutie mtu. Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniuliza tena. Nikamwambia asubiri kidogo.

Tulikuwa tumesimama juu ya vijukwaa vya kurukia nilipoona baibui linazunguka bwawa kwa haraka, bila dumu. Hawo hakunitazama. Alichuchumaa mahali pake. Filimbi ya msimamizi ikalia, nikaruka.

Ukuta wa kwanza niliinua kichwa. "Adi," akasema. Nikageuka, nimefurahi kiasi cha kumeza maji. Ukuta wa pili nikainua kichwa.

"Burre."

Nikageuka na ndama wa Burre nikifikiri, Dimtu yuko wapi? Namba yangu ilisema safari ya tatu ndiyo kwanza imeisha. Nikajiambia Hawo amechoka na njia, ataweka sawa. Ukuta wa tatu akamwita wa nne. Hakuweka sawa. Mbele kidogo akaruka mwingine. Sasa namba na ng'ombe vilikuwa vimekosana, na hapa hapakuwa na basi la kuandama.

Mnajua maji yanavyofanya akili baada ya safari ya kumi na tano. Namba zinakuwa laini. Unajiuliza hii ni kumi na saba au ni kumi na tisa, na kila unayoijaribu inakaa. Mimi namba zilishanivua kofia mbele ya watu. Hawo hakuwahi kukosea hata mara moja. Kwa hiyo nikaanza kuachana na namba na kuwafuata ng'ombe, na ng'ombe walikwenda upesi. Akaruka mwingine. Akaruka mwingine tena. Ukuta uliofuata, namba ikinong'ona ishirini na moja, nikainua kichwa.

"Dalati."

Miguu ikapiga. Haikuniuliza. Nilitoka ukutani nikitumia kila kitu nilichoweka akiba, kwa kuwa Dalati ni mwisho, Dalati ni ukuta na taulo. Nikampita yule wa mstari wa nne kama amefungwa. Na ndipo nilipoona, nilipogeuza uso kuvuta pumzi, kwamba yeye hakuongeza mwendo. Mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu, mkono wa mtu mwenye safari nyingi mbele yake.

Sasa nikawa na nusu ya bwawa ya kuamua. Nimalize, au niendelee? Namba inasema hivi, Hawo anasema vile. Nikafikiri: Hawo hawezi kukosea ng'ombe wa baba yake. Anaweza kukosea jina la rais, ng'ombe hawezi. Kama hawezi kukosea, basi hakukosea. Amewaita wote waliopita langoni. Dimtu hakupita.

Wadogo zangu, nimeogelea maji mengi. Sijawahi kuwa peke yangu kama katika zile mita chache, nikiutazama ule mstari mweusi, nikijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine pale uwanjani aliyekijua, wala siwezi kusimama wala kumwambia yeyote pole. Dimtu amekufa. Na wale watatu wamekufa. Namba yangu ilikuwa sahihi, na ingekuwa heri isingekuwa.

Niligusa ukuta wa karibu nikageuka. Safari ya ishirini na tatu. Mapafu yalikuwa yanawaka kwa zile nguvu nilizozimwaga. Nikawa naenda kwenye ukuta wa mbali nikijua kwamba Hawo hana ng'ombe wa kuniita. Zizi limekwisha na mimi nina kuta nne zaidi. Nilidhani nitakuta kimya. Nikainua kichwa.

"Sibora."

Hivyo ndivyo alivyoniita yeye, ulimi wake ulivyopenda. Nikageuka. Nikaenda, nikarudi, nikainua kichwa. "Sibora." Mara ya tatu. Mara ya nne alikuwa amepiga magoti kabisa, baibui limelowa, mkono wake umo majini hadi kiwiko. "Sibora." Yule wa mstari wa nne alikuwa amenifikia begani. Safari ya mwisho siikumbuki. Wananiambia nilimtangulia kwa kiganja.

Kocha alinipa taulo, sikukaa. Nilizunguka bwawa nikamkuta Hawo kwenye ngazi zetu. Nikaketi. Mimi ni mtu wa hesabu na hesabu nilikuwa nayo yote mdomoni, wangapi walikuwepo, wangapi wamebaki. Niliimeza kama maji ya bwawa.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Basi."

Akakamua pindo la baibui, akasema, "Mahindi ya mama yako, Dimtu alikula."

"Najua."

"Hakushiba."

Alikuwa ametoroka nyumbani, amekuja kwa basi bila maziwa ya kuuza. Nikamwambia mara nyingine nitamtumia nauli. Alinitazama kama nimemtajia bei ya kitoto. "Mimi nakuja na maziwa," akasema. "Bila maziwa, nakuja kama nani?" Nilijaribu kila mbinu ya stendi niliyokuwa nayo. Nilipandisha, nikashusha, nikaondoka nikarudi. Hakuteremka hata kidogo. Alipanda basi la mchana, na hakuja tena.

Ng'ambo nilikwenda. Ukuta wa mbali walikuwa na mtu wa kazi hiyo tu, amevaa nyeupe, kadi safi, hakosei. Nilifanya vizuri. Miaka iliyofuata nilifanya vizuri pia, mengine mliyaona wenyewe. Kocha Mwakio alistaafu akaenda kwao kulima vitunguu. Kaka alipatana na majirani wake kidogokidogo, mvua iliporudi. Familia ya Hawo ilikuwa imehama kuelekea juu, upande wa Wenje na kupita, namba yake ya simu ikawa ya mtu mwingine, mwanamume mpole aliyechoka kunisikia. Sikuolewa. Waliokuja walitaka kujua nitaacha lini, nami sikuwa na tarehe ya kuwapa.

Wale ng'ombe sikuwatumia tena. Hawakuwa wangu. Nilihesabu namba mara mbili, kwa kichwa na kwa vidole vya miguu, na bado niliinua kichwa kila nilipoukaribia ukuta wa mbali, nikaona kadi, nikageuka. Makocha wapya walilalamika kwamba inanipotezea muda. Walikuwa na haki. Sikuacha.

Hadi bega lilipokataa. Daktari alinionyesha picha, nikajaribu kupatana naye, akazima mashine. Mbio ya mwisho mlikuwepo. Nilishika ukuta, na safari hii nilijua kwamba imekwisha.

Wiki iliyofuata nilishuka Garsen. Stendi imetanuka, mabasi ni mapya, na mahali pale pale penye dumu la njano alikuwa ameketi Hawo, mnene kuliko mimi, meno machache.

"Umelowa bado?" akaniuliza, kana kwamba niliondoka jana.

"Nimekauka. Nimeacha."

"Yote?"

"Yote."

Alimpimia mteja maziwa, akamrudishia chenji. "Walikuwa wanakuita nani huko?"

"Hakuna. Walikuwa na kadi."

Alimaliza dumu, akalifunga, akaniambia nimfuate. Wamerudi, wanaishi manyatani nyuma ya mji, mwendo wa kuchosha kwa mtu wa bwawa. Tulifika jua likianza kulegea. Vumbi likaonekana kwanza, kisha pembe. Hawo akaenda kusimama langoni alipokuwa akisimama baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Mimi nikajiweka katikati ya njia, nikatazama miguu yangu, ili nisishawishike kuhesabu.

Akaanza kuwaita. Majina ya kwanza siyajui, ni ya ng'ombe wapya. Kwato zilinipita huku na huku, ndama wakinigusa kwa pua. Alikuwa akiita kwa sauti ileile ya ukutani, ya kumpata mtu aliye majini.

"Sibora."

Niligeuka mzima, nikainua kichwa. "Naam."

Hawo hakuwa ananitazama mimi. Nyuma yangu alikuwa amesimama ng'ombe mwekundu, mkubwa, si wa jana wala juzi, na ndama wake ubavuni, akingoja njia.

"Si wewe," Hawo akasema. "Sogea, apite."